Ikabaki Moja

Nane. Tisa. Nne. Tisa. Moja. Saba.

Kisha kimya.

Seifu Salumu alivua vipokea sauti, akaikodolea macho karatasi aliyoandika. Mbele yake palikuwa na cherehani ya Singer. Majirani wa kilimani walimjua kuwa ndiye fundi mvivu kuliko wote Albertville, maana cherehani yake ililia tikitiki kila asubuhi na haikuwahi kutoa hata kanzu moja. Wangeifunua tumbo wangekuta redio. Lakini nani hufunua tumbo la cherehani ya mtu mvivu?

Ujumbe ulikuwa mfupi.

NIKO MOBA. BARUTI IKO KWA BOTI YA KIJANI. LETENI WATU WOTE. 894917.

Mwandishi alikuwa Onésime Kalunga. Rafiki, mwenzi wa kazi, mtani wake. Walikuwa majasusi wawili wa Biro ya Sita, ofisi ya siri ya Wabelgiji, na huo ulikuwa mwaka wa 1957, Kalemie ingali ikiitwa Albertville. Onésime alikuwa ametumwa Niemba, kituo cha reli huko bara, kwa jambo moja tu. Baruti ilikuwa imeibwa machimboni, nyingi, na wezi walikuwa wageni waliolipwa ili gati la Albertville lirushwe angani, shaba ya watu ipite njia nyingine na tajiri mwingine ale. Baruti ingekuja kwa treni. Onésime alitakiwa alete namba ya behewa. Badala yake alipotea.

Siku kadhaa, hakuna sauti.

Na sasa hii. Moba, bandari ya mbali kusini mwa ziwa, si Niemba. Boti, si behewa.

Seifu akairudia ile namba ya mwisho.

Biro ilikuwa na sheria yake. Kila ujumbe ulifungwa kwa namba kubwa. Namba ikiwa tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, maana yake ni: niko huru, niamini. Ikikubali kugawanyika kwa chochote kingine, maana yake ni: nimeshikwa, bastola iko kisogoni, usiamini hata neno. Ukiitazama kwa macho huwezi kujua. Lazima uikalie na uisumbue mpaka iseme.

Seifu akatia bastola yake ya Browning katika mfuko wa koti, akashuka mbio.

*

Komanda Lambrechts, mkuu wa Biro, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, alikuwa amesimama dirishani na darubini yake. Chini, boti tatu za injini zilikuwa zinanguruma tayari.

"Inagawanyika ao haigawanyiki?"

"Bado sijajua, Komanda."

"Kalunga anasema tuende Moba. Nikiwapeleka askari wote, muji unabaki mutupu. Unaelewa?"

"Naelewa, Komanda."

"Basi hesabu!"

Seifu akaketi mbele ya mashine ya Facit, ile ya kuhesabia yenye mkono wa kuzungusha. Akaanza.

Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, ikabaki mbili. Kwa saba, ikabaki mbili. Kwa kumi na moja, ikabaki moja. Akazungusha, akafuta, akazungusha. Kwa kumi na tatu, haikuingia. Kwa kumi na saba, haikuingia.

Msomaji, usicheke. Kuna watu hupigana kwa visu, na kuna watu hupigana kwa kugawanya. Jasho ni lilelile. Kila alipozungusha mkono wa mashine, Seifu aliomba kimoyomoyo kibaki chochote, hata kiwe kidogo namna gani, mradi kibaki. Namba ikigawanyika sawasawa, rafiki yake ni mtu wa kuchimbiwa.

Kwa arobaini na moja, haikuingia. Kwa arobaini na tatu, ikabaki moja.

"Bado?" Komanda aliuliza.

"Bado."

Bega likaanza kumuuma. Sigara ya Belga ikajiunguza yenyewe kwenye kisahani. Mia mbili. Mia tano. Namba ilikuwa ngumu kama kokwa la mchikichi. Mia saba. Mia tisa. Akafika mia tisa arobaini na moja, ikakataa. Tasa inayofuata, maana hujaribiwa kwa namba tasa peke yake, ni mia tisa arobaini na saba, nayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba nzima. Hapo mchezo huwa umekwisha.

Seifu akaachia mkono wa mashine.

"Tasa," alisema. "Ni tasa, Komanda! Yuko huru. Onésime yuko huru!"

Komanda alikuwa ameshika simu tayari.

"Boti zote. Moba. Sasa hivi."

*

Furaha haina adabu. Seifu alikuwa ameamriwa arudi kwenye cherehani yake akasikilize, lakini miguu ilimpeleka sokoni.

Mama Godelieve, mke wa Onésime, alikuwa amekaa nyuma ya fungu lake la ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa waliokaushwa juani wakang'aa kama sindano. Tangu mumewe apotee hakuwa amekosa sokoni hata asubuhi moja. Aliuza, akanyamaza, akauza. Wanawake wenzake walikuwa wameacha kumtania.

"Mama Godelieve." Seifu akachuchumaa. "Papa Onésime yuko muzima. Nimesikia habari yake leo."

Yule mama akashika mdomo.

"Papa Seifu, usinichezee."

"Yuko muzima, yuko huru. Wallahi."

Aliapa. Jamani, aliapa kwa jina la Mungu, mchana kweupe, mbele ya samaki na watu.

Mama Godelieve alilia kidogo, akacheka kidogo, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. Kisha, kwa kuwa mikono ya mwenye biashara haijui kukaa bure, akachota kopo la ndakala, akalisawazisha kwa kiganja, akamwaga kwenye gazeti, akafunga.

"Chukua. Leo ni zawadi."

Seifu akapokea, akasimama, akaanza kwenda.

"Eh! Papa Seifu! Unakimbia bila nyongeza? Sasa umegeuka Muzungu?"

Wanawake wakaangua kicheko, cha kwanza siku nyingi. Kweli, Mzungu hununua, hulipa, huondoka. Hajui kungoja. Mtu wa pale hungoja, kwa sababu kopo ni haki yako, lakini ule mkono wa samaki unaowekwa juu ya kopo ndio undugu. Na ukishawekwa hautolewi. Nyongeza hairudishwi, hata mkigombana hapo hapo.

Mama Godelieve alichota mkono mmoja, akaongeza juu ya furushi.

"Kopo, na moja juu yake," alisema. "Njo vile mume wangu anapendaga kusema."

Seifu akasimama kama aliyekanyaga msumari.

Moja juu yake.

Siku ambazo hapakuwa na habari, yeye na Onésime walikuwa na mchezo wao wa redioni. Onésime angechukua namba, aizidishe kwa yenyewe, kisha aongeze moja. "Hiyo ya juu ni ya Mama Godelieve," angesema. Kazi ya Seifu ilikuwa kuitoa nyongeza na kutafuta namba ya mwanzo. Hakuwahi hata siku moja kutuma kopo tupu, yule bwana.

Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa kumi na moja, ikabaki moja. Kwa arobaini na tatu, ikabaki moja.

Ilikuwa inamwita tangu asubuhi, na yeye alikuwa anashangilia.

Akapiga magoti vumbini. Akaandika kwa kidole: 894916. Bila nyongeza. Akaigawa kwa mbili, ikakubali. Kwa mbili tena, ikakubali. Kwa kumi na moja, ikakubali, na tena ikakubali. Kikabaki 1849, ambacho ni arobaini na tatu mara arobaini na tatu. Mbili ina pacha wake. Kumi na moja ina pacha wake. Arobaini na tatu ina pacha wake. Chukua mmoja mmoja katika kila pacha, uwazidishe.

Mia tisa arobaini na sita.

Mashine yake ilikuwa imepita hapo hapo, kati ya mia tisa arobaini na moja na mia tisa arobaini na saba, ikapita kama mgeni asiyebisha hodi.

Behewa 946.

Akaelewa yote kwa mara moja. Mtu aliye huru angetaja behewa waziwazi. Onésime hakuwa huru. Waliomshika walikuwa wameshaijua sheria ya Biro, wakamlazimisha atoe namba tasa, na wakaikagua wenyewe. Naye akawapa tasa ya kweli, isiyo na kasoro, na siri akaiweka mahali ambapo mgeni hangoji.

Na askari wote walikuwa ziwani, wanakwenda Moba kutafuta boti ambayo haipo.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

"Papa Seifu, kuna nini?" Mama Godelieve alikuwa amesimama. "Papa Seifu!"

Furushi lilikuwa limebaki mavumbini. Pikipiki yake ya FN ilikwisha kuwaka.

*

Treni ya Kabalo, ile inayopitia Niemba, ilikuwa inapiga honi upande wa mto Lukuga.

Seifu aliibana pikipiki kandokando ya reli, kokoto zikimrukia usoni. Watakuwa wamemtia ndani ya behewa hilohilo, alijiambia. Ndiyo maana ametuma 946. Yuko humo, amefungwa. Namfungua, nakata waya, tunarudi kula ndakala. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara aliamini kidogo zaidi, kama mgonjwa anayehesabu vidonge.

Mabehewa ya mbele yalikuwa ya abiria. Vichwa madirishani. Mama na watoto, kuku ndani ya vikapu, mzee aliyevaa kofia ya jua akipunga mkono kwa yule mwendawazimu wa pikipiki. Nyuma yao, mabehewa ya pamba.

938. 951. 946.

Treni ilipunguza mwendo ikikaribia daraja. Seifu akaiacha pikipiki ianguke yenyewe, akarukia ngazi.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, juu ya marobota, mtu aliinuka na bunduki ya Sten.

Browning ilisema mara mbili.

Yule mtu akakaa chini polepole, akaegemea pamba, akafa akiwa na uso wa kushangaa. Seifu akazungusha breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakalia, behewa likavuta treni nzima nyuma, mpaka vyote vikasimama katikati ya daraja. Akararua marobota. Masanduku. Mengi. Waya mbili, nyekundu na nyeusi, zikienda kwenye betri na saa ya mezani ya Jaz. Mshale wake ulikuwa umebakiza kipande chembamba tu.

Akatazama kila pembe.

Hapakuwa na Onésime.

"Onésime!" aliita. "Onésime!"

Aliyejibu ni kitu kingine. Karibu na maiti, simu ya upepo ya Motorola ilikoroma.

"Usiguse saa hiyo, Bwana Seifu."

Sauti ya mgeni, Kiswahili cha kitabuni. Biro ilimjua kwa jina moja tu, Profesa. Ndiye kichwa cha genge lote, na inasemekana zamani alifundisha hesabu mahali fulani Ulaya.

"Nakuona," sauti ikaendelea. "Nina darubini ya Zeiss nzuri sana. Umesimamisha treni darajani. Kwa nini?"

"Yuko wapi?"

"Hapa ziwani, karibu na mdomo wa mto, kwenye boti yangu. Fanya hivi. Legeza breki, shuka. Treni ifike gatini. Nami nitamshusha rafiki yako ufukweni, mzima. Naapa."

"Mpe nimsikie."

Kukwaruza. Pumzi nzito. Kisha sauti iliyotoka kwenye midomo iliyovimba.

"Papa Seifu."

"Niko hapa, ndugu yangu."

"Namba ulipata?"

"Nilipata."

"Na ya juu yake?"

"Niliitoa. Nilichelewa, Onésime. Nisamehe, nilichelewa."

Onésime akacheka. Kile kicheko chake cha puani, ambacho Seifu angekitambua hata kaburini.

"Nilidhani uko ndani ya behewa," Seifu alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilidhani umenituma nije kukuchukua."

"Kopo ilikuwa na nafasi ya kitu kimoja, Seifu. Nilichagua. Mbele yako kuna watoto, niliwaona Niemba wakipanda, kabla hawa hawajanileta huku kwa motokari." Akahema. "Kata."

"Onésime..."

"Kata, mutani wangu. Unafikiri nitapona kwa kiapo cha huyu? Kata."

"Bwana Seifu," Profesa aliingilia, "fikiri vizuri."

Seifu alikuwa ameshafikiri. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Kila njia aliyoigawa ilibakiza maiti. Aliipeleka huku, ikabaki mmoja. Akaipeleka kule, wakabaki mamia. Nje, mtoto mmoja katika behewa la mbele alikuwa anauliza kwa sauti kubwa kwa nini treni imesimama, na mama yake anamwambia anyamaze.

Akatoa koleo mfukoni.

Akakata nyekundu. Akakata nyeusi. Akaing'oa saa ya Jaz, akaenda nayo mlangoni mahali ambapo darubini yoyote ingemwona, akaitupa Lukuga.

Ndani ya Motorola ulipasuka mlio mmoja mfupi, wa risasi.

Mlio uleule ukafika tena baadaye kidogo, kwa njia ya hewa, ukitoka ziwani.

Seifu hakusogea. Simu ilikoroma mkononi mwake. Profesa alikuwa anapumua kama mtu aliyeibiwa.

"Namba ile ilikuwa tasa," alisema. "Niliijaribu mwenyewe, mpaka mwisho. Haikuwa na tundu hata moja. Aliiweka wapi siri? Niambie. Nataka kujua tu."

Seifu aliitazama ile simu.

Akaizima.

*

Boti ya Profesa haikupatikana. Boti za Komanda zilirudi kutoka Moba na askari waliochomwa na jua. Komanda alitazama masanduku ya baruti yaliyopangwa ofisini, akamtazama Seifu.

"Uliniambia ni tasa."

"Ilikuwa tasa, Komanda."

"Kwa hiyo ni bahati tu."

"Ndiyo, Komanda. Bahati."

Huyo naye hakuwa mtu wa kungoja. La kuvunda halina ubani. Seifu akasaini alipoonyeshwa, akatoka.

Mama Godelieve alikuwa mahali pake. Furushi lilelile la gazeti lilikuwa pembeni ya fungu, limepanguswa vumbi, limefungwa upya. Alikuwa amemwekea. Alimwona akija kutoka mbali, akaona anavyotembea, na kabla hajafika akaanza kutikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Hapana, Papa Seifu. Uliapa."

"Niliapa, Mama."

"Uliapa kwa Mungu!"

"Niliapa uwongo bila kujua. Alikuwa ameshikwa. Aliwaokoa watu wote wa treni, na mimi... mimi nilizima baruti nikijua watamuua. Nilikata waya, Mama. Yeye aliniambia nikate, lakini mkono ni wangu."

Hakulia kwa sauti. Alikaa tu, mikono mapajani, na wanawake wa meza za jirani wakamsogelea mmoja mmoja wakamzunguka. Kisha akavuta lile furushi, akalifungua, akapima humo kopo moja kamili la ndakala, akalimwaga kwenye fungu lake. Zawadi ilikuwa imekwisha. Seifu akainamisha kichwa, maana ilikuwa haki ya yule mama.

Lakini juu ya gazeti kulikuwa kumebaki mkono mmoja wa samaki. Mama Godelieve akausukuma kwa kidole, akauacha.

"Hii siwezi kuirudisha," alisema.

Akamshika Seifu mkono, akaufungua vidole kwa nguvu, akautia ndakala ndani, akaufunga. Kisha akageuza uso.

Seifu Salumu akawatia samaki wale katika mfuko wa koti, mfuko uleule wa Browning. Akawasha Belga. Akatembea katikati ya soko kwa hatua zake za kawaida, kofia imeinama kidogo, mtu mtulivu kuliko wote Albertville. Watu wakampisha. Hakuna aliyeona kwamba mkono uliokuwa mfukoni haukushika bastola.

Alifika nyumbani, akaketi mbele ya cherehani, akavaa vipokea sauti. Akafungua mawimbi yale ya Onésime, akasikiliza.

Hapakuwa na kitu. Akaendelea kusikiliza.